Kwa nini makanika wa Kisii hawaiamini sensa ya oksijeni



Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mwaka huu, kwa hiyo naona heri nilijibu hapa mara moja. Mtu ana gari kuukuu, tuseme Corolla ya miaka ya 1990. Kompyuta ya injini imeungua, ameweka Speeduino au MegaSquirt mahali pake, na gari linawaka vizuri. Halafu anawasha ile sehemu ya programu inayoiacha injini ijirekebishie petroli yenyewe kwa kusikiliza sensa ya oksijeni. Injini inaanza kuhema kama mtu aliyepanda vilima vya Manga mbio, inakula mafuta, na moshi unanuka. Analipeleka kwa fundi mzee pale mjini Kisii. Fundi anachomoa waya wa sensa, anafunga boneti, anasema nenda. Na kweli gari linakwenda!

Sisi wenye laptopu tunalicheka jambo hilo. Tunasema wazee hawajasoma, wanaogopa kompyuta. Mimi nilisomea kompyuta chuo kikuu na nimesikia kicheko hicho mara nyingi, lakini nadhani hakina haki. Zoea la kuchomoa sensa lina historia yake, na kwa miaka zaidi ya kumi ndilo lililokuwa jibu sahihi. Ukiifahamu historia hiyo utajua pia pa kuanzia unapotafuta tatizo.

Tuanze na kabureta, enzi za Peugeot 404 na 504 zilizobeba abiria na ndizi kila pembe ya nchi hii. Kabureta haina akili yoyote. Hewa inapita kwenye koo lake jembamba, inavuta petroli kupitia tundu dogo la jeti, basi. Shida ni kwamba mjini Kisii tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kwenda Keroka na Nyansiongo unakaribia mita 2,000. Shinikizo la hewa Mombasa ni karibu kilopaskali 101. Kisii ni karibu 82. Hewa imepungua, lakini jeti ni ileile, kwa hiyo mchanganyiko unazidi petroli kwa asilimia 8 hadi 10 hivi. Gari lililotunzwa vizuri Mombasa likifika huku linatoa moshi mweusi.

Fundi alifanya nini? Alitoa plagi akazitazama. Plagi nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Plagi nyeupe kama chokaa, petroli ni kidogo na injini itaungua. Plagi yenye rangi ya chai ya maziwa, hapo ndipo. Akabadilisha jeti au akazungusha skrubu, mwenye gari akaenda Nyamira na kurudi, plagi zikatolewa tena. Kwa lugha yetu ya programu hicho ni kitanzi kilichofungwa kabisa: unapima matokeo, unayalinganisha na lengo, unarekebisha, unapima tena. Tofauti ni kwamba kitanzi kilipitia jicho la mtu na kilichukua siku nzima kuzunguka mara moja.

Mwaka 1976 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza sensa ya lamda, na Volvo ikawa ya kwanza kuiweka kwenye magari, yale yaliyokuwa yanapelekwa California ambako sheria za moshi zilikuwa kali. Ni kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia, ukubwa wa kidole cha mshonaji, kilichopakwa platinamu ndani na nje. Ndani kuna hewa ya kawaida, nje kuna moshi wa injini. Kauri ikipata moto wa nyuzi 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazaa umeme. Hesabu yake ni ile ya Walther Nernst, Mjerumani aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920. Petroli ikizidi, sensa inatoa volti 0.8 au 0.9. Petroli ikiwa kidogo, 0.1 au 0.2. Katikati, kwenye uzani wa hewa 14.7 kwa petroli 1, inaruka ghafla kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Hapo kuna jambo ambalo naomba ulishike, maana nitalirudia chini. Sensa haipimi petroli. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Habari ya petroli ni kitu ambacho kompyuta inakikisia kutokana na oksijeni.

Wajapani waliichukua teknolojia hii haraka. Walianza kuuza petroli isiyo na risasi katika miaka ya 1970, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 risasi ilikuwa imekwisha kwenye pampu zao. (Ndiyo, jina ni moja na risasi ya bunduki, na hii nayo imeua watu.) Magari yao ya miaka ya 1990 yalitoka kiwandani na injekta, kompyuta, sensa ya oksijeni, na kile kichujio cha moshi chenye vijitundu kama sega la nyuki. Halafu soko la Kenya likafunguliwa, na magari hayo yaliyotumika yakaanza kushuka Mombasa kwa wingi.

Yalishuka yakakuta petroli gani? Yenye risasi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kilikuwa kinatengeneza petroli ya kizamani, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya kawaida vituoni. Bomba la mafuta lilipofika Kisumu mwaka 1994 lilirahisisha kuileta huku kwetu, lakini bomba halichuji risasi. Kilichoingia Mombasa ndicho kilichotoka Kisumu na kupanda kwa lori hadi Kisii.

Risasi ilianza kutiwa kwenye petroli Marekani katika miaka ya 1920, baada ya Thomas Midgley wa General Motors kugundua mwaka 1921 kwamba inazuia injini kugonga. Kwa kabureta haikuwa na neno. Kwa sensa ni sumu. Inaganda juu ya platinamu, sensa inakuwa nzito kujibu, kisha inakufa. Kichujio kinapata yaleyale, na matangi machache tu yanatosha kukiharibu.

Sasa fikiria kama mwanaprogramu. Sensa iliyokufa haitoi ujumbe wa kosa. Inatoa volti kidogo, karibu na sifuri. Na volti kidogo kwa kompyuta maana yake ni "petroli haitoshi". Kwa hiyo kompyuta inaongeza. Inatazama tena, volti bado ni kidogo, inaongeza tena, mpaka inafika kikomo ilichowekewa. Gari linakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi, na kompyuta inaamini kabisa kwamba inafanya kazi nzuri. Baadhi ya kompyuta ziliweza kugundua kwamba sensa imeganda zikawasha taa ya injini, nyingine hazikuweza.

Ukichomoa waya, kompyuta nyingi zinarudi kwenye jedwali la kiwandani na kuacha kurekebisha. Ulaji wa mafuta unashuka siku hiyohiyo. Na kile kichujio kilichoziba? Kilitobolewa kwa nondo au kikakatwa, bomba likaungwa moja kwa moja, na gari likapata nguvu ya kupanda Keroka. Fundi wa mwaka 1998 hakuwa na skana wala mtandao. Alijaribu, akaona matokeo, akamfundisha kijana wake. Kuweka sensa mpya lilikuwa jambo la hasara, kwa sababu petroli ileile ingeiua tena. Mimi ningekuwa pale ningefanya hivyohivyo.

Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuiondoa risasi kufikia mwisho wa 2005. Mwaka 2002, kwenye mkutano wa Johannesburg, ukaundwa ushirikiano wa kimataifa wa kuisukuma kazi hiyo, na ofisi yake ikakaa kwa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, hapahapa kwetu Gigiri, Nairobi. Kufikia Januari 2006 Kenya na nchi nyingine za eneo hili zilikuwa zimeacha kuiuza. Algeria ndiyo iliyofunga mlango duniani, Julai 2021.

Kwa hiyo kuanzia 2006 sababu ya kuchomoa sensa iliondoka. Lakini nani alimwambia fundi wa Daraja Mbili? Petroli haikubadilika rangi mbele ya macho yake. Vijana waliofundishwa kuchomoa waliendelea kuchomoa, na wakawafundisha wengine. Ni kama ile mistari ya programu ambayo hakuna anayekumbuka iliandikwa kwa nini, na kila mtu anaogopa kuifuta.

Halafu ikaja Probox. Toyota iliitoa Japani mwaka 2002, na kwa kanuni yetu ya kutoingiza gari lenye zaidi ya miaka 8 ilianza kuonekana huku ikiwa bado kijana. Leo huwezi kuizungumzia barabara ya Kisii kwenda Keroka au Nyamira bila Probox, na idadi ya abiria siisemi, mnaijua wenyewe. Kompyuta yake inaweka marekebisho ya namna mbili: ya papo hapo, na ya muda mrefu yanayobaki kwenye kumbukumbu. Sensa ikidanganya kwa wiki nzima, uongo unaandikwa, na unabaki hata baada ya kuwasha gari upya.

Na petroli nayo haikutulia. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli, na wenye tamaa walichanganya. Tatizo lilikuwa kubwa hadi Septemba 2018 serikali ikatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita ili kuua faida ya kuchanganya. Mafuta ya taa hayageuki mvuke vizuri kama petroli. Injini inamisi, yaani silinda moja inakosa kuwaka mara kwa mara. Hapo ndipo lile jambo nililokuomba ulishike linapoanza kufanya kazi.

Silinda ambayo haikuwaka inatoa nini? Inatoa petroli mbichi pamoja na oksijeni yote iliyoingia nayo, karibu asilimia 21. Sensa haioni petroli mbichi. Inaona oksijeni nyingi, inasema mchanganyiko ni mwepesi. Kompyuta inaongeza petroli kwa silinda zote nne, hata zile tatu zilizokuwa sawa. Plagi zinashika masizi, injini inazidi kumisi, oksijeni inazidi, kompyuta inaongeza tena. Hakuna kifaa kilichokufa hapo. Kila kimoja kinafanya kazi yake kwa uaminifu, na pamoja wanaizamisha injini.

Sasa turudi kwa hizi kompyuta za kujiwekea. MegaSquirt ilianzishwa na Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, mwaka 2001. Ulinunua vipande ukachomelea mwenyewe kwa solda. Ilitumia kichakataji cha Motorola cha biti 8, kitu kidogo kuliko kilichomo kwenye simu ya mulika mwizi. Baadaye Josh Stewart wa Australia akaanzisha Speeduino, ambayo inakaa juu ya Arduino Mega, na programu yake ni huria, iko GitHub, kila mtu anaweza kuisoma. Nawashauri mwisome! Sehemu ya sensa inaitwa correctionAFRClosedLoop, na si ndefu. Kwanza inauliza maswali: injini imepata moto wa kutosha? Mizunguko imepita kiwango? Mguu haujakanyaga sana? Sekunde za kusubiri zimeisha? Jibu moja likiwa hapana, inarudisha 100, yaani usiguse kitu. Yote yakiwa ndiyo, na umechagua njia rahisi, inatazama sensa baada ya idadi fulani ya cheche. Mchanganyiko mwepesi kuliko lengo, ongeza 1. Mzito, punguza 1. Ukifika kikomo, simama hapo.

Hiyo tu! Hakuna mahali programu inauliza kama sensa inasema kweli, mbali na kuangalia kwamba namba iko ndani ya mipaka uliyoweka. Kazi hiyo ni yako.

Rafiki yangu mmoja wa upande wa Nyamira alikuwa na Corolla ya aina hiyo. Marekebisho yalipanda hadi asilimia 15, kikomo alichokiweka, yakaganda pale gari likiwa limesimama linanguruma. Alinunua sensa, hali ileile. Akanunua nyingine. Mwishowe tukaenda kwa omogaka mmoja ambaye hajawahi kushika laptopu. Akatoa plagi nne akazipanga juu ya gazeti. Zote nyeusi, na ya tatu ilikuwa imelowa. "Hii kompyuta yenu inasema petroli haitoshi?" Ndiyo, mzee. "Inasema uongo." Waya wa plagi ya tatu ulikuwa umepasuka, unatupa cheche kwenye bodi ya injini. Waya mpya, plagi zikasafishwa, na marekebisho yakashuka yakawa yanacheza kati ya 98 na 103. Sensa ya kwanza kabisa bado iko kwenye droo yake, nzima.

Kwa hiyo marekebisho yakiganda kwenye kikomo, usiguse jedwali la petroli kwanza. Linganisha mashahidi wawili, sensa na plagi. Zikisema jambo moja, basi jedwali kweli lina kasoro, au hewa inavuja kuingia kwenye manifoldi, au pampu ya petroli imechoka. Zikipingana, tafuta oksijeni ya ziada inatoka wapi: silinda inayomisi, au tundu kwenye bomba la moshi kabla ya sensa. Wengi hawaelewi hilo la tundu. Moshi unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba linavuta hewa kutoka nje. Gasketi ya manifoldi iliyoungua kidogo inatosha, na kwetu huku ambako mabomba yamekatwa na kuchomelewa mara tatu, nne, ni jambo la kila siku. Injini ikiwa baridi funika mwisho wa bomba kwa kitambaa kwa sekunde chache, usikilize panapopiga filimbi.

Kisha waya wa ardhi. Kama una sensa ya kisasa inayotoa volti 0 hadi 5 kwa mchanganyiko wa 10 hadi 20, kosa la volti 0.1 tu ni kosa la 0.2 kwenye usomaji. Ardhi ya sensa na ardhi ya kompyuta zifungwe mahali pamoja. Pima kwa mita taa zikiwa zimewashwa.

Kuhema ni ugonjwa mwingine. Pale injini inapohema, inapanda inashuka inapanda, mara nyingi sensa ni nzima ila unaiuliza upesi mno. Kwenye mizunguko 900 injini ya silinda nne inapiga cheche 30 kwa sekunde. Ukiweka irekebishe kila baada ya cheche 4, inarekebisha zaidi ya mara 7 kwa sekunde, na moshi wa rekebisho la kwanza haujafika hata kwenye sensa. Kompyuta inadhani haijasikika, inaongeza, inaongeza, halafu jibu linafika na imeshapita lengo. Ongeza hesabu ya cheche hadi 16 au zaidi, na gari litatulia.

La mwisho ni letu sisi watu wa milimani, na kwenye maelekezo ya Wazungu halitajwi sana. Kompyuta hizi zisipokuwa na sensa ya pili ya hewa, zinapima shinikizo la nje mara moja tu, unapofungua ufunguo, kabla injini haijawaka. Washa gari Kisumu, mita 1,130 hivi, itasoma kilopaskali 88. Ukipanda hadi Keroka bila kuzima, nje ni kama 80, na kompyuta bado inakumbuka Kisumu. Marekebisho ya sensa yataanza kuteleza kidogo kidogo kadiri unavyopanda. Hapo injini haina ugonjwa. Simama pembeni, zima, washa tena, na namba zitarudi. Ukitaka kumaliza kabisa nunua sensa ya pili ya shinikizo, si ghali.

Na tafadhali, msiwashe ile kazi ya TunerStudio ya kujipangia jedwali kabla hamjapita hatua hizi. Kitanzi cha Speeduino hakina kumbukumbu, ukizima gari kinasahau uongo wote. Kazi hiyo ya TunerStudio inauandika ndani ya jedwali. Nimepokea faili la mtu wa Suneka ambalo safu nzima ya chini ilikuwa imenenepeshwa kwa robo kwa sababu ya tundu moja la bomba. Tundu likazibwa, injini ikazama kwenye petroli, na tukalazimika kurudi kwenye faili la zamani alilokuwa amelihifadhi kwa bahati tu. Hifadhini nakala kila siku mnapobadilisha, na jina la faili liwe na tarehe.

Wiki ijayo nitaweka rekodi ya safari ya Kisii hadi Keroka, kwenda na kurudi, sensa ya pili ikiwa imefungwa na ikiwa imechomolewa, muone wenyewe mstari unavyoteleza.